Gramu Arobaini na Nane

Tone, tone, kisha kimya. Kisha tone tena. Nilikuwa nimelala macho gizani nikisikiliza maji yakidondoka kutoka kwenye chungu cha machipukizi, pale kona ya sebule, chini ya kitambaa cheusi. Chungu hicho kina matundu chini. Ukimwagia soya maji kwa juu, yanapita katikati ya mizizi na kuangukia kwenye beseni, na kwa sauti hiyo nyumba yetu nzima hujua kwamba kunakaribia kucha. Lakini alfajiri ile aliyemwagia hakuwa mama mkwe wangu, maana nilimsikia akikoroma, na wala sikuwa mimi.

"Daon," niliita kwa sauti ya chini. "Ni wewe?"

"Nahesabu, mama. Usinichanganye."

"Unahesabu nini gizani?"

"Matone. Mwalimu kasema matone ishirini yanafika kama mililita moja. Halafu akasema tusimwamini, twende tukahakikishe wenyewe."

Nikamwacha ahakikishe. Ana miaka tisa, yuko darasa la tatu, na tangu shule ifunguliwe mwishoni mwa kiangazi hakuna kitu ndani ya nyumba ambacho hajakipima. Hatua ya bibi yake ni sentimita thelathini na nane. Paka wa jirani ni sentimita arobaini na tano bila mkia. Mezani ukimwambia aongeze wali kidogo, anauliza kidogo ni gramu ngapi.

Yote hayo ni kazi ya Mwalimu Pyo. Mwalimu Pyo ni mfupi, wanafunzi wa darasa la sita wakisimama mbele yake humwoni tena. Ana mabuti ya mpira asiyovua mvua wala jua, na baiskeli isiyo na breki ya nyuma. Alipoletwa shuleni kwetu mwezi wa tatu, wazazi tuliambizana kwamba huyu naye ni mtoto, kiangazi hakitafika kabla hajalia. Hakulia. Mtoto akimjibu "kumi na mbili," yeye humuuliza kwa upole, "Kumi na mbili nini? Vyura kumi na wawili?" Basi darasa zima linacheka, na mtoto anakumbuka kusema sentimita. Sasa ukipita mtaani kwetu unawasikia watoto wakiulizana wao kwa wao habari za vyura.

Mimi mwenyewe niliacha shule nikiwa na miaka kumi na saba. Siku hizi kila Jumanne na Alhamisi nakwenda darasa la jioni kwenye ukumbi wa mji, ili siku moja nifanye mtihani wa sekondari. Vuli hiyo nasi tulikuwa tumefika kwenye vipimo. Kwa hiyo siku zisizo na darasa nilikaa na Daon kwenye meza moja ya chini, kila mmoja na daftari lake, na sioni aibu kusema kwamba mara nyingi aliyesahihishwa ni mimi.

Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na nane, siku ya soko. Soko letu hukaa tarehe zinazoishia na tatu na zinazoishia na nane. Na ilikuwa siku yangu ya kupimwa, kabla hata ya watoto kupima chochote.

Mama mkwe ameuza machipukizi ya soya miaka thelathini na moja kwenye soko lile, na hakuwahi kutumia mizani. Alitumia mkono: konzi moja, konzi ya pili, basi. Kisha konzi ndogo ya mwisho, ile nyongeza, ambayo kwetu mfanyabiashara asiyeitoa huitwa majina. Tangu masika magoti yake yamekataa. Akiinuka sakafuni hushika ukuta kwa mikono miwili, na daktari amemkataza kukaa kwenye baridi ya soko. Nikaingia mimi mezani. Kiangazi wakaanza kuja wateja kutoka kwenye maghorofa mapya, wanaotaka gramu mia tano, si konzi. Nikanunua mizani ya betri.

"Mizani hiyo itakufunga mkono," mama mkwe aliniambia siku niliyoileta. "Utakuwa unahesabu punje kama mtu wa posta."

"Mama, nitapima halafu nitaongeza, kama kawaida."

"Hakuna. Macho yakishazoea namba, mkono unalala." Akaitazama mizani kama vile ni mgeni aliyekuja bila taarifa. "Sikiliza. Tarehe kumi na nane mwezi wa kumi nitakuja nikae nyuma yako nitazame. Nikisikia mtu mmoja tu ananung'unika kuhusu kipimo chetu, hiyo inaingia stoo na mimi narudi mezani."

Huyu si mtu wa kutishia tu. Angerudi kweli, akae juu ya kigoda mpaka barafu, na masika yajayo asingeinuka tena. Ndiyo maana usiku ule nilikuwa macho.

*

Sote tumekulia kwenye mchezo wa kusaka hazina. Siku ya matembezi ya shule, walimu hutangulia na kuficha vikaratasi vyenye mhuri chini ya mawe na kwenye matawi, na ukikipata unapewa daftari au penseli. Katika miaka yangu sita ya shule ya msingi nilipata kikaratasi kimoja tu, nacho kilikuwa kimelowa mpaka mhuri umefutika. Mwalimu Pyo aliuchukua mchezo huohuo akauleta sokoni. Alizunguka wiki mbili kabla, meza kwa meza, akiinamisha kichwa na kuomba ruhusa, na asubuhi ile kabla hatujapanga bidhaa alikuwa ameshaficha vikaratasi vyake. Kimoja kilikuwa ndani ya mdomo wa samaki mkavu. Kingine kilikuwa chini ya kikapu cha mapesheni cha mzee fulani ambaye, kwa kutaka sana kusaidia, alikuwa akiwaambia watoto wote, "Hapa hakuna kitu, hapa hakuna kitu."

Kila kikaratasi kilikuwa na kipimo. Watoto kumi na wawili walikwenda wawiliwawili, na kila jozi ilitakiwa itafute vikaratasi vitano, kisha itafute sokoni vitu vitano vyenye vipimo hivyo.

"Kwanza unakisia," Mwalimu Pyo aliwaambia, amesimama juu ya kreti ili aonekane. "Kwa jicho, kwa kiganja. Unaandika ulichokisia. Halafu unakuja kupima hapa mezani kwangu, na unaandika kile chombo kinachosema. Kile kinachosema, si kile unachopenda. Mnaandika kwa kitu gani?"

"Kwa wino."

"Na ukikosea?"

"Mstari mmoja."

"Mstari mmoja, ili tuone ulikosea wapi. Kukosea si aibu, aibu ni kufuta. Na kila jozi ina ombi moja tu la msaada kwa mfanyabiashara mmoja. Moja nini?"

"Vyura," wakajibu wote, naye akashuka kwenye kreti akicheka.

Daon alipangwa na Sebin, mtoto wa muuza nyama anayekaa mkabala na meza yangu. Sebin ni mtoto mwema ambaye mdomo wake hauna likizo, kama haongei basi anatafuna. Niliwaona wakipita na kurudi, fulana zao za njano zikipotea katikati ya marundo ya kabichi. Walipata sentimita ishirini na tano: samaki mkavu, ingawa Daon alikuwa amemkisia ishirini na saba. Walipata nyuzi sitini: supu ya mama mmoja wa mwisho wa soko, baada ya kuipuliza sana, na Sebin akaimaliza kipimo kilipokwisha. Walipata pia dakika kumi, na hiyo ndiyo iliyomfanya Daon ajivune. Alikuwa amemkumbuka mzee wa bisi za mchele, anayezungusha pipa lake la chuma juu ya moto mpaka lilipuke. Alitaka kujua tangu mfuniko unapofungwa hadi mlipuko ni muda gani.

Pipa likiwa bado linazunguka, walikuja kwangu. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu kwenye kigoda, shali hadi masikioni.

"Mama, hili ndilo ombi letu," Daon alisema, na akanionyesha kikaratasi. Gramu mia tatu, na ukikosea isizidi gramu tano. "Nimemwambia Sebin mizani yako haikosei."

"Kaapa," Sebin alisema.

"Sikuapa, nimesema. Mama, gramu mia tatu kamili. Usiongeze."

"Siongezi."

"Hata kamoja."

"Nimekusikia, mwanangu. Hii ni ya shule."

Nyuma yangu mama mkwe akaguna. "Mtoto anamfundisha mama yake uchoyo."

Niliweka mfuko juu ya mizani, nikatia machipukizi. Mia mbili tisini na sita. Nikachagua matatu, manne, moja baada ya jingine, mpaka namba ikakaa.

"Haya, tazameni. Mia tatu."

"Mia tatu nini?" Sebin aliuliza.

"Gramu, we mtoto, usinianze."

Wakati huohuo mzee wa bisi akapaza sauti kuwaonya watu, kila mtu akaziba masikio, na Daon akageuka na saa yake mkononi kama askari. Pipa likalipuka, moshi mweupe ukafunika mstari wa viatu. "Dakika tisa na sekunde arobaini na nne," Daon alisema, akaandika; kikaratasi kiliruhusu kukosea nusu dakika. Nikawafungia mfuko wao nikawapa, wakakimbia.

Meza ya Mwalimu Pyo ilikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Nilimwona akiuweka mfuko juu ya mizani ya shule. Nilimwona Daon akiinama kusoma, na nikaona mgongo wake ukinyooka polepole.

"Soma," Mwalimu Pyo alisema.

"Mia tatu arobaini na nane." Akamtazama mwalimu. "Gramu."

"Andika."

Baba Sebin, akiwa na kisu mkononi, alikuwa akifuatilia kama mtu anayetazama mpira. Si mtu mbaya, ila hawezi kuacha utani upite. "Mama Daon," akaita kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye pilipili, "hiyo mizani yako unailisha nini? Imenenepa gramu arobaini na nane tangu asubuhi."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini mama mmoja wa maghorofani, aliyekuwa ndiyo kwanza ameniungisha, akasimama na mfuko wake mkononi akautazama.

"Uliongeza, nini?" aliniuliza.

"Hapana," nilisema. "Huyu mwanangu alinikataza. Nilipima mia tatu kamili, kila mtu aliona." Na nilisema kweli, yaani kweli ninayoijua. Ningeweza kula kiapo.

"Basi mizani haiko sawa," yule mama alisema, si kwa ubaya. "Leo imezidisha, kesho si itapunguza? Mtu atajuaje?"

Nyuma yangu nilisikia kigoda kikilia. Mama mkwe alikuwa ameweka mkono mmoja juu ya goti, kama anavyofanya anapojiandaa kusimama.

"Ndiyo manung'uniko hayo," alisema taratibu.

Daon alikuwa ametusikia. Nilimwona akitazama mfuko, akinitazama mimi, akimtazama bibi yake. Alijua maneno ya tarehe kumi na nane, kwetu nyumba ni ndogo. Uso wake ukawa mwekundu hadi masikioni, nami nikatamani nifunge meza nimbebe nyumbani.

*

Mwalimu mwingine angesema, basi, jamani, ni mchezo tu, tuendelee. Au angeniokoa kwa maneno matamu. Mwalimu Pyo alikuja hadi mezani kwangu na mabuti yake, akachuchumaa akawa sawa na Daon, na akamuuliza kama anayetaka kujua kweli:

"Mizani mbili zinabishana. Tunamwamini nani?"

"Ya mama," Daon alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni ya mama."

"Na Sebin akisema ya shule kwa sababu ni ya shule?"

Daon akafikiri. Nikaona midomo yake ikicheza, kama anavyofanya akihesabu matone. Kisha akasema, "Tupime kitu tunachokijua."

"Kama nini?"

"Maji. Mililita mia tatu za maji ni gramu mia tatu. Tulihakikisha darasani."

Mwalimu Pyo akasimama bila kumsifu. Akaenda tu kumletea kopo refu la kupimia, lile lenye mistari pembeni. Nami nilikuwa nimeandika maneno hayohayo kwenye daftari langu la jioni, lita moja ya maji ni kilo moja. Niliyakariri njiani nikirudi nyumbani, na haikunijia kabisa kwamba yangeweza kunisaidia sokoni.

Watoto wote walikusanyika, na watu wazima nyuma yao. Daon alijaza maji kwenye kopo, akaliweka juu ya meza, akapiga magoti kwenye udongo ili macho yake yafike usawa wa mstari.

"Pembeni maji yanapanda," alimwambia Sebin. "Usisome pale. Soma kwenye bonde, katikati."

"Bonde limepita kidogo."

"Kidogo nini?"

"Kidogo chura. Mimina."

Wakaweka bakuli tupu juu ya mizani yangu, wakabonyeza ili isome sifuri, wakamimina. Mia tatu na moja. Baba Sebin akasafisha koo. "Rudia," Daon alisema, akafuta bakuli kwa ncha ya fulana mpaka likakauka. Mia tatu. Akarudia tena. Mia tatu. Kisha wakalihamishia bakuli kwenye mizani ya shule na kufanya vilevile, mara tatu, na mara zote mia tatu. Kila namba aliiandika kwa wino, pamoja na ile ya mia tatu na moja ambayo haikumpendeza.

"Zote mbili ziko sawa," alisema. Hakuonekana kufurahi. "Basi arobaini na nane zimetoka wapi?"

"Yamekua njiani," Baba Sebin alisema. "Machipukizi ya Mama Daon yana afya."

"Kwa hatua kumi, baba?" Sebin alimuuliza kwa huruma.

"Labda yalikuwa na maji," mtoto mwingine alisema.

"Yangedondosha, yangepungua," Daon alijibu. "Haya yameongezeka."

Yule mama wa maghorofani naye alikuwa amesogea, amesahau haraka zake. Mimi nilikuwa nimechoka na kutahayari, na kwa kuwa mteja mwingine alikuwa akisubiri, kijana wa duka la tambi anayechukua gramu mia tano kila soko, nikageuka nimhudumie. Angalau hiyo ni kazi ninayoiweza. Nikaweka mfuko, nikatia, mia tano kamili, nikaunyanyua kutoka kwenye mizani.

"Mama," Daon alisema. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtu. "Mkono wako."

Nikatazama. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya mfuko wa yule kijana, umejaa machipukizi. Sikuwa nimeutuma. Mizani ilikuwa tupu, mfuko uko hewani, na konzi ndogo ilikuwa ikielekea ndani yenyewe, kama inavyoingia kila siku, kama nilivyomwona mama mkwe akifanya tangu siku ya kwanza niliyofika nyumba hii nikiwa na mimba ya huyuhuyu anayenitazama.

Nilibaki vilevile, mkono juu.

"Tia basi, dada," yule kijana alisema. "Kwani leo nimekosa nini?"

Kicheko kilichofuata kilifika hadi kwa mzee wa bisi. Baba Sebin alilazimika kuweka kisu chini. Mimi sikujua nicheke au nilie, maana nilikuwa nimemwambia mwanangu siongezi, hata kamoja, na nilikuwa tayari kuapa.

Mwalimu Pyo hakucheka. Alikuwa ameutazama mkono wangu kwa macho ambayo sikuwahi kutazamwa nayo na mtu aliyesoma. "Naomba usitie bado," alisema. "Daon, hiki si kitu kinachopimika?"

Daon alinyoosha bakuli chini ya mkono wangu. Gramu arobaini na sita.

"Moja haitoshi," alisema.

Kwa hiyo wateja wanne waliofuata walihudumiwa mbele ya darasa la tatu. Nilijaribu nisifikirie, na ni vigumu kutofikiria ukiwa na watoto kumi na wawili mbele ya pua yako. Ila mteja wa pili alianza kunieleza habari za arusi ya mpwa wake, na mkono ukasahau kwamba unatazamwa. Hamsini na moja. Arobaini na nne. Hamsini. Arobaini na saba. Kila konzi ilipimwa kwanza, ndipo mteja akapewa. Sebin alisoma, Daon aliandika, na mteja wa mwisho alikasirika kidogo kwamba amepata ndogo kuliko mwenzake.

"Arobaini na nane iko katikati humu," Daon alimwambia mwalimu, kalamu ikipita juu ya namba zake. "Haikuzidi kubwa, haikupungua ndogo. Lakini sikuiona. Wakati ule nilikuwa natazama bisi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nasema nadhani. Nadhani sana."

Mwalimu Pyo akatikisa kichwa kukubali, na kwa mara ya kwanza siku ile akamgusa bega.

*

Saa tano kamili Mwalimu alipiga filimbi. Kila jozi ilipaswa kusimama mbele ya meza na kusoma matokeo yake kwa sauti. Jozi yenye vitu vitano sahihi ingepata boksi la kalamu za rangi, lile kubwa la ngazi mbili. Daon na Sebin walikuwa na vinne, na cha tano kilikuwa ule mfuko.

Baba Sebin alivuka njia akaja kuwainamia. "Sikilizeni," alinong'ona, ingawa kunong'ona kwake ni kuongea kwa wengine. "Toeni konzi moja humo ndani. Ibaki mia tatu. Mmeshajua imezidi kwa sababu gani, si udanganyifu huo. Nani atasema kitu?"

Sebin aliutazama mfuko, kisha akaliangalia boksi la kalamu. Alimtazama Daon, ambaye alikuwa hamtazami mtu.

"Tumeshaandika kwa wino, baba," alisema mwishowe, akatia kitu mdomoni ili asiongeze neno.

Ilipofika zamu yao, nilimsikia mama mkwe akinyanyuka. Nilitaka kumshika, akanisukuma kwa kiwiko. Alitembea hatua zile kumi akishikilia meza za watu, na watu wakampisha, maana nusu yao aliwajua kabla hawajaota meno. Akasimama mbele ya wajukuu wote wa mji. Yule mama wa maghorofani alikuwepo pia, mfuko bado mkononi.

"Mwalimu, nisamehe," mama mkwe alisema. "Mimi sikusoma. Lakini hapa sokoni pamenung'unikwa kuhusu kipimo cha nyumba yangu, na mambo ya kucheka yameshapita, nimeyaona. Sitaki kusikia kwa mkwe wangu wala kwa muuza nyama. Aliyepima ndiye aseme." Akamgeukia Daon. "Haya, mtoto. Mizani, au mama yako?"

Mwalimu Pyo alikuwa ameweka mikono nyuma, hakumsaidia hata kwa jicho, na nilielewa kwamba anamheshimu mwanangu.

Daon alinitafuta katikati ya watu. Niliona anachoogopa. Namba zake zilikuwa zinasema kwamba mama yake alisema jambo lisilokuwa hivyo, mbele ya soko zima, na ni yeye aliyetakiwa kulitamka, na bibi yake akishalisikia angeamua nani akae mezani majira ya baridi. Nilikuwa na hofu kumzidi. Lakini nilikumbuka uso wake pale alipopiga magoti kwenye udongo kutafuta bonde la maji, na nikaona kwamba sitaki aufiche uso ule kwa ajili yangu. Nikainamisha kichwa: sema.

Akafungua daftari, akalishika kwa mikono miwili. Kidole chake kikashuka kwenye ukurasa, kikapita ile mia tatu na moja, kikapita zile konzi tano, kikasimama.

"Gramu mia tatu ni za mizani," alisema, wazi kabisa, "na gramu arobaini na nane ni za mama."